Mgonjwa Aliyekwenda Mwenyewe

Dokta Nura alianza kumwonea wivu Dokta Christa asubuhi moja ya kawaida kabisa, pale mama mmoja mwenye mimba kubwa alipokataa kuingia chumbani kwake.

Kliniki ilikuwa ya Nura. Jengo aliachiwa na marehemu baba yake, ghorofa moja katikati ya maduka ya mtaa wa Asiatique, mahali ambapo familia yao iliuza vitambaa tangu enzi za babu. Nura alisomea uganga wa wanawake ng'ambo, akarudi Bujumbura, akaweka vitanda palipokuwa na majora, na jina lake likaandikwa mlangoni kwa rangi ya bluu. Sasa mgonjwa huyu alikaa kwenye benchi, mkono tumboni, akitikisa kichwa.

"Mi nangojea muganga Christa," alisema.

"Muganga Christa iko na watu wengi leo," Spéciose, karani wa mapokezi, alimwambia. "Docteur Nura ndiye mwenye kliniki. Anaweza kukupokea sasa hivi."

"Apana. Nitangoja."

Akangoja mpaka adhuhuri. Kila Nura alipopita mbele ya benchi, yule mama alitazama chini kwa adabu, na adabu ile ikamuuma Nura kuliko tusi.

Christa alikuwa msichana wa Gitega, mrefu, mwenye mikono mipana na sauti isiyo na haraka. Nura ndiye aliyemwajiri akiwa bado hajulikani na mtu. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kutumia mashine mpya ya ekografi, ya kumtazama mtoto tumboni. Mchana walikula pamoja chumba cha nyuma, wakisimuliana habari za wagonjwa, waume na wakwe. Christa alipoolewa, Nura alikaa mstari wa mbele kanisani akiwa amejitanda vizuri, mgeni pekee wa Kiislamu katika mstari ule. Na kila Idi Christa alikwenda Kibenga, nyumbani kwa Nura, akala biriani pembeni ya Bi Ghanima, mama yake Nura, ambaye alimwita binti yangu mbele za wageni.

Zamani neno hilo lilimfurahisha Nura. Baada ya siku ile ya benchi, likaanza kumkwaruza.

Akaanza kuona mambo ambayo hapo awali hakuyaona. Kwamba wanawake walitoka chumbani kwa Christa wakiwa wamelegea mabega, kama watu waliotua mzigo. Kwamba kwake yeye walitoka na karatasi ya dawa, wakashukuru, wakaondoka. Kwamba watoto watatu wa mtaa wa jirani walipewa jina la Christa, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Nura. Alijiambia kwamba yeye ana elimu zaidi, na ilikuwa kweli. Upasuaji mgumu wote ulikuwa wake. Lakini mgonjwa aliyelazwa usingizi haoni nani alimshona, na akizinduka anamkuta Christa amekaa kando ya kitanda.

Basi akaanza visa vidogo. Alimwagiza Spéciose awagawe wagonjwa kwa zamu, atakayefika aingie kwa daktari aliye wazi, bila kuchagua. Wagonjwa wakawa wanajifanya wamesahau kitu nje ili zamu iwapite. Akamhamishia Christa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akisema cha mbele kinahitaji kupakwa rangi. Rangi ikapakwa, ikakauka, na Christa hakurudishwa. Benchi la wagonjwa likahamia nyuma, mlangoni kwake.

Christa hakulalamika. Ila siku moja, baada ya kazi, aliingia ofisini kwa Nura akabaki amesimama.

"Dada Nura, nilitaka uisikie kwangu mi mwenyewe. Naacha kazi. Nafungua kabine yangu ya kutibia, kule mtaa wa Cibitoke."

"Cibitoke? Katikati ya mafundi?"

"Kule wanawake ni wengi, na muganga wa wanawake hakuna."

"Na hapa? Hapa uliona nini kibaya?"

Christa alitazama mikono yake. "Ulinipeleka chumba cha nyuma, nikanyamaza. Ukaacha kula na mi, nikanyamaza. Sasa unaniuliza niliona nini?"

Nura akashika kile kilichokuwa karibu. "Unakumbuka kontra yako?"

Mkataba wa Christa ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba akiacha kazi, hatafanya uganga mahali popote Bujumbura kwa muda wa miaka mitatu. Nura alikiweka kwa sababu iliyoeleweka. Daktari aliyemtangulia Christa, mwanamume aliyeitwa Maxime, alikuwa ameondoka na wauguzi wawili akafungua mlango barabara ileile, akisimamisha mtu nje kuwaelekeza wagonjwa kwake. Maître Rénovat, wakili wa familia, ndiye aliyeandika kifungu hicho ili jambo lile lisijirudie. Christa alikitia sahihi huku wakicheka, kwa kuwa siku ile hakuna aliyefikiria kuachana.

"Nakumbuka," Christa alisema. "Sikufikiri ungekitumia kwangu."

"Ulipaswa kufikiri."

Christa akaaga kwa heshima, kama kawaida yake, akavuta mlango taratibu. Nura alibaki peke yake. Alitaka kulia lakini hasira haikumpa nafasi.

Kabine ya Cibitoke ilifunguliwa kabla mvua hazijaanza. Habari zilimfikia Nura kutoka kila upande bila yeye kuuliza: chumba kidogo lakini kisafi, mashine ya ekografi iliyonunuliwa kwa mkopo, wanawake wamejaa mpaka uani. Kliniki ya Asiatique ilipungukiwa watu, ingawa haikufa njaa. Kilichomsumbua Nura hakikuwa mapato. Alikuwa akiamka asubuhi, akinywa chai huku akitazama ziwa, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa: sasa hivi anacheka na nani?

Akampeleka Christa mahakama ya kazi.

"Kifungu kipo na sahihi ipo," Maître Rénovat alimwambia. "Lakini nisikufiche, Docteur. Mahakimu hawapendi kumnyima mtu riziki kwa sababu ya karatasi. Watauliza unalinda nini. Kama tungeonyesha kwamba aliwavuta wagonjwa wako, aliwaita, aliwapigia simu, basi tungekuwa na miguu ya kusimamia. Una mutu wa kulisema hilo?"

"Nitampata," Nura alisema.

Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe. Wiki ile mafuta ya gari yalikuwa yameadimika tena na foleni za vituoni zilipinda mpaka mitaa ya nyuma, kwa hiyo aliacha gari lake nyumbani akachukua teksi, nayo ikamshusha mbali kidogo na alikokuwa akienda. Alivaa abaya nyeusi isiyo na urembo, akajifunika uso, akabakiza macho, akatembea kati ya mafundi wa kuchomelea vyuma na maseremala. Alikuwa na nia ya kukaa kwenye benchi kama mgonjwa, kuwasikiliza wanawake, na kunasa jina la hata mmoja atakayesema ameitwa.

Alipofika, wanawake wa benchini walisogea kumpa nafasi. Kelele ya misumeno ilikuwa kubwa, nao walizungumza kwa sauti.

"We ni mara ya kwanza?" mmoja alimuuliza.

Nura aliitikia kwa kichwa.

"Usiogope. Huyu muganga hakuangalii saa. Mi nilikuwa natibiwa mujini, kwa mwarabu mmoja. Ni muganga mkubwa, siwezi kusema uongo, alimutoa mutoto wangu vizuri. Lakini ukiwa unaongea naye unaona tu akili yake imeshafika kwa mutu mwingine."

Wenzake wakacheka, bila ubaya. Nura alikaza mikono ndani ya mikunjo ya abaya. Alitaka kusema kwamba mtoto yule alikuwa amekaa vibaya tumboni, kwamba yeye Nura alisimama miguu ikavimba, kwamba hakuna aliyemshika mkono yeye. Badala yake akauliza, kwa sauti ya chini aliyoibadilisha, swali lililomleta.

"Alikuita uje huku?"

"Nani, muganga?" Yule mama akashangaa. "Anijulie wapi namba yangu? Nilimutafuta mi mwenyewe, nikauliza mpaka nikafika."

Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa. Christa alitoka amemshika mgonjwa kiwiko, akimwelekeza ngazi ndogo ya mlangoni. Mgonjwa alikuwa mwanamke mzee mwenye mkoba wa ngozi wa kahawia, kitambaa cha kichwa kimefungwa upya kwa haraka. Alikuwa Bi Ghanima.

Nura alisimama kabla hajajua anasimama.

Mama anamtambua mwanawe hata akijifunika. Bi Ghanima alitazama yale macho, kisha viatu, kisha tena macho. Christa naye akaelewa.

"Nura," mama yake alisema. "Umenifuata mi, ama umemfuata yeye?"

Wanawake wa benchini waligeuka wote. Yule aliyesema habari za mwarabu wa mujini alitia mkono mdomoni.

Nura alimshika mama yake mkono wakatoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta, karibu na milango ya chuma iliyosubiri kupakwa rangi. Nura alivuta nikabu chini.

"Unaumwa?"

"Niliumwa."

"Tangu lini? Mimi ni daktari, Mama! Ni daktari wa jambo hilihili! Watu wanatoka Gitega, wanatoka Uvira kuja kwangu, na we unapanda teksi kuja huku kwa... kwa..."

"Sema. Kwa nani?"

Nura aligeukia ile milango ya chuma.

Bi Ghanima aliweka mkoba chini. "Nilitokwa na damu, mwanangu. Kwa umri huu. Nikajua si jambo dogo. Nikaja mpaka mlangoni kwako siku moja, chumbani, ukiwa unasoma. Nikarudi. Mi nilikuzaa, nikakuosha. Sikuweza kupanda kitandani kwako nikafunua miguu. Na hata ningeweza, ningekutazama usoni nikakuona unaogopa, na mimi ndiyo ningekufa kwa hofu yako."

"Madaktari wengine wapo."

"Wapo. Lakini huyu ulimleta nyumbani we mwenyewe, ukaniambia nimpende."

Fundi mmoja aliwasha msumeno, ikabidi wangoje. Ulipozimwa, Nura aliuliza, na hata yeye alijisikia vibaya kwa kuuliza.

"Alikuita?"

"Aniite?" Bi Ghanima alicheka kwa uchungu. "Alikataa! Alisema niende kwako kwanza, kwamba asingependa ugomvi ukue. Nikamwambia nitakaa pale kwenye benchi mpaka afunge, na kesho nitarudi. Ndiyo akanipokea. Na akaniapia kwamba hutasikia kwake."

Kumbe hata hilo lilimpa Nura wivu, na ndilo lililomchoma zaidi ya yote. Kwamba mama yake alikuwa na siri, na mwenye kuitunza alikuwa yule yule. Walirudi Kibenga bila kuongea. Alipouliza ugonjwa ni nini, Bi Ghanima alijibu kwamba majibu ya kipimo hayajatoka, na kwamba yakitoka atayasikia yeye kwanza, mwenye mwili.

Maître Rénovat alipompigia simu kuuliza kama amepata shahidi, Nura alisema hapana.

Siku ya kesi umeme ulikuwa umekatika na mapangaboi hayakuzunguka. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliyejipepea kwa faili huku akisikiliza. Maître Rénovat alizungumza vizuri. Mkataba ulitiwa sahihi kwa hiari, alisema, na mtu mzima aliyesoma. Kliniki ilimpa ujuzi na jina, na sasa anavitumia dhidi ya mkono uliompa.

Christa alijitetea mwenyewe.

"Sikatai sahihi yangu," alisema. "Lakini mi sijui kazi nyingine. Mume wangu anafundisha hapa Bujumbura, watoto wanasoma hapa. Kontra inaniambia nikae miaka mitatu bila kugusa mgonjwa, ama nihame muji. Sikufungua Asiatique. Sikuchukua muuguzi hata mmoja. Nilikwenda mahali ambapo Docteur Nura hajawahi kuweka kitanda."

Hakimu akamgeukia Nura.

"Docteur, naelewa hofu yako. Mwajiri ana haki ya kulinda kazi yake. Nataka kujua jambo moja. Unamjua mgonjwa wako yeyote ambaye huyu alimvuta aende kwake?"

Maître Rénovat alikuwa amemfundisha jibu. Aseme kwamba wagonjwa wengi hawaonekani tena, na kwamba majina yao ni siri ya kazi. Lilikuwa jibu zuri na halikuwa uongo. Nura alisimama. Alimtazama Christa upande wa pili wa chumba, amekaa wima, mikono juu ya magoti, na akauhisi ule wivu mzima mzima, haujapungua hata kidogo. Alitaka ashindwe. Alitaka arudi chumba cha nyuma, wawe wakila pamoja mchana. Vyote viwili alivitaka kwa pamoja, na hapo ndipo alipojiona.

"Kuna mgonjwa mmoja ninayemjua," alisema.

Maître Rénovat akainua uso.

"Hakuvutwa. Aliambiwa arudi kwangu, akakataa. Alikwenda mwenyewe."

"Na wengine?"

"Niliyemuuliza alisema vilevile."

Rénovat alifunga kalamu yake. Hakimu aliandika kwa muda, kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo: "Basi kwa nini mko hapa?"

"Kwa sababu aliondoka," Nura alisema, akakaa.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma kadhaa. Hakimu alisema kifungu cha namna ile si batili kwa kuwepo tu. Kliniki inaweza kumkataza daktari wake asifungue mlango jirani na kuwatega wagonjwa njiani. Lakini mji mzima ni eneo kubwa mno, miaka mitatu ni muda mrefu mno, na kumzuia mtu kazi pekee anayoijua bila kumlipa chochote kwa kizuizi hicho ni kumfukuza mjini. Tena, alisema, mgonjwa si mali ya kliniki wala ya daktari, na haki yake ya kuchagua nani amguse haimo katika mkataba ambao yeye hakuutia sahihi. Akapunguza kifungu: Christa asifanye kazi Asiatique na mitaa inayopakana nayo kwa mwaka mmoja. Cibitoke abaki.

Nje, kwenye ngazi, Rénovat alitaka kuzungumzia rufaa. Nura alimwambia hapana, akamfuata Christa aliyekuwa akishuka.

"Christa."

Christa akasimama.

"Mama yangu ni mzima?"

"Muulize mwenyewe, Dada."

"Nilimuuliza. Anasema tungoje."

"Basi ngoja." Macho ya Christa yalikuwa yamechoka. "Nisamehe. Siwezi."

Nura alijua hawezi. Yeye pia asingeweza. "Ulifanya vizuri kumpokea," alisema. "Sijakusamehe kuondoka."

"Najua. Na mi sijakusamehe kile chumba."

Wakaachana hapo, kila mmoja njia yake.

Majibu yalitoka. Bi Ghanima alimwita Nura sebuleni, akazima redio, akamwambia kwamba haikuwa kansa. Ni uvimbe mdogo usio na ubaya, utaondolewa. Nura alipiga magoti akambusu mikono, akalia mpaka mama yake akaanza kumtania. Walipomaliza, alijikaza akauliza nani ataondoa.

"Christa hana chumba cha upasuaji kule," Bi Ghanima alisema. "Kasema ataniandikia kwa daktari mwenye mkono mzuri kuliko wote anaowajua. Nikamuuliza nani. Akasema, 'Huyo ni binti yako, lakini we hutaki.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Na bado sitaki." Akamshika shavu. "Mtafute mwingine, mwanangu. We ukae nami nje, unishike mkono. Hiyo kazi hakuna mwingine wa kunifanyia."

Ikawa hivyo. Daktari wa hospitali nyingine alimfanyia, na ilikwenda salama.

Kliniki ya Asiatique ilipata daktari mpya, kijana wa Cibitoke ileile aitwaye Léonce. Alipoletewa mkataba, aliusoma taratibu, akauliza kuhusu kifungu cha kuacha kazi. Nura alikuwa amekiandika upya pamoja na Rénovat: mtaa wao tu, mwaka mmoja, na kliniki imlipe kwa muda huo. Léonce alisema kinamtosha.

Baada ya upasuaji Bi Ghanima alihitaji kuangaliwa mara kwa mara, na hakutaka mwingine ila Christa. Mafuta yalipopatikana Nura alimpeleka kwa gari. Aliegesha mbele ya duka la seremala, akazima injini. Mara ya kwanza Christa alitoka hadi mlangoni, akamwona amekaa nyuma ya usukani, akamwonyesha kwa mkono kwamba kuna nafasi ndani.

Nura alishusha kioo. "Bado," alisema.

Christa aliitikia kwa kichwa, akampokea Bi Ghanima mkono, wakaingia. Nura alibaki garini. Wivu ulikuwepo, alikuwa ameshauzoea kama maumivu ya mgongo. Alitazama benchi la nje, akaanza kuwahesabu wanawake, kisha akaacha.